Waliomo Nyumbani

Mgeni kutoka visiwani anapofika Morogoro kwa mara ya kwanza huambiwa, kwa mzaha wenye mapenzi, kwamba yuko katika mji kasoro bahari. Jina hilo lina majivuno na lina unyonge kidogo. Milima ipo, maji yapo, ndizi na mboga za Uluguru hushushwa sokoni kila alfajiri, reli inapita, vyuo vipo. Kilichokosekana ni pwani tu. Na hata pwani nayo haikukosekana kabisa, maana mito itokayo katika milima ile huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar es Salaam.

Njia kuu nazo zote hukutana hapo. Pale Msamvu, iliko stendi kuu ya mabasi, hupishana magari yaendayo Dodoma, yaendayo Iringa na yarudiyo Dar es Salaam. Karibu na hapo, asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, lori lililobeba mafuta lilipinduka. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na madumu na ndoo, wengi wao wakiwa vijana wa bodaboda ambao kwao petroli si anasa bali ndiyo mtaji wa siku. Kisha moto ukalipuka. Waliokufa papo hapo walikuwa makumi; wengine walikufa hospitalini, Morogoro na Muhimbili, siku na wiki zilizofuata, hata jumla ikapita watu 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa katika makaburi ya Kola, na kwa kuwa baadhi yao hawakutambulika kwa sura, ndugu waliombwa sampuli za vinasaba ili kila maiti ijulikane ni ya nani.

Neno moja lilitangulia hata majeneza: tamaa. Lilisemwa barazani na kwenye simu za mkononi, na bado husemwa kila tukio lile likitajwa. Ni neno jepesi mno kwa jambo zito kiasi hicho. Moto wa namna ileile ulikwisha kuua zaidi ya watu 100 Sachangwan, nchini Kenya, Januari 2009, na zaidi ya 200 Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010. Na kote huko neno lililowahi kufika lilikuwa hilohilo, kana kwamba tamaa ni maradhi ya maskini peke yao na mwenye gari la fahari asingeinama kuokota noti iliyoanguka mbele ya mlango wake.

Waliokufa hawasikii. Neno lile limebaki na waliopona.

Na achukuliwe mtu mmoja wa kubuni, kwani walio hai wana haki ya kuachiwa siri zao. Ni kijana wa bodaboda. Asubuhi ile alijaza dumu moja, akalipeleka kwake, na akiwa njiani alimpigia simu rafiki yake: njoo upesi, kuna mafuta ya bure. Aliporudi kwa dumu la pili alikuta moto. Rafiki yake alikuwa ndani yake. Miaka imepita, na kijana yule bado anaendesha pikipiki, maana hana kazi nyingine. Kila siku sharti aingie kituo cha mafuta. Kila siku sharti anuse.

Ndani yake wamo wengi. Yumo mmoja amwambiaye: wewe ndiye uliyemwita, wewe ndiye uliyemwua. Yumo wa pili ambaye husimama haraka na kumziba yule wa kwanza mdomo: jikaze, wewe ni mwanamume, watoto wanakutazama, yaliyopita yamepita. Wa pili huyu ni hodari, naye ndiye amfanyaye kijana aamke alfajiri, aoshe chombo, acheke na abiria. Lakini usiku akichoka, hutokea wa tatu ambaye hana maneno. Huyo humshika mkono kijana na kumpeleka kilabuni, na huko humnywesha mpaka wote wanyamaze. Asubuhi yule wa kwanza humkuta amelala na viatu, naye hupata jambo jipya la kumlaumu. Nyuma kabisa, mahali asipofika mtu, yumo wa nne, aliyesimama barabarani na dumu tupu akitazama moto. Huyo hajatoka pale Msamvu tangu siku ile.

Kiswahili kina neno zuri la hali hii, nalo ni kiwewe. Mwenye kiwewe hakumbuki tu jambo lililopita. Jambo lenyewe ndilo limkumbukalo yeye, likamjia litakapo.

Mambo haya ya mtu mmoja kuwa wengi hayakugunduliwa na daktari yeyote. Hata hivyo, yupo Mmarekani aliyeyafanyia kazi kwa utaratibu, na utaratibu wake umeenea sana katika miaka hii. Anaitwa Richard Schwartz. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Chicago, alikuwa mtaalamu wa kutibu familia: alikalisha baba, mama na watoto chumbani, akatazama nani humsemea nani, nani hufichwa, nani hubebeshwa lawama za wote. Miongoni mwa aliowatibu walikuwamo wanawake vijana waliokuwa wakila kupita kiasi kisha wakijitapisha, nao walimweleza kwamba upande mmoja wao hutaka hivi na upande mwingine hutaka vile, na kwamba pande hizo hugombana. Schwartz alijaribu kwanza kuwasaidia wazishinde zile pande mbaya. Zikazidi ukali. Hapo akabadili mwendo, akaanza kuziuliza badala ya kuzipiga, na alichokisikia kilifanana na familia zilezile alizozizoea. Mwaka 1995 alichapisha kitabu kilichoieleza tiba hiyo kwa ukamilifu.

Kwa mujibu wake, ndani ya mtu aliyeumizwa kuna makundi matatu. Lipo kundi la waliofukuzwa, ambao ndio wenye maumivu, hofu na aibu. Aghalabu ni wa umri uleule aliokuwa nao mtu alipoumia. Lipo kundi la wasimamizi, wanaoendesha maisha ya kila siku na kuhakikisha kwamba waliofukuzwa hawasikiki. Na pale msimamizi anaposhindwa, maumivu yakafurika, huingia kundi la tatu ambalo hufanya lolote ili kuyazima upesi: pombe, hasira, ngono, usingizi, hata kutaka kujiua. Hao Schwartz aliwaita wazimamoto. Nyuma ya makundi yote, asema, kuna mwenyewe, asiyeharibika hata mtu akiumizwa vipi: ni mtulivu, ana huruma, tena ana hamu ya kujua. Kazi ya mganguzi si kumtoa mtu yeyote ndani ya nyumba. Ni kumsaidia mwenyewe arudi sebuleni, awasikilize walinzi mmoja mmoja mpaka wamwamini, kisha wamruhusu aende chumba cha uani akamwone aliyefungiwa.

Anayetaka kuyatia maneno haya katika Kiswahili hupata taabu na hupata zawadi. Taabu ni neno la kwanza kabisa. Sehemu ya mtu? Sehemu ni neno la fundi wa magari. Kipande? Kipande ni cha nguo au cha mkate. Upande si vibaya, kwa kuwa watu husema upande mmoja wangu wataka kwenda. Lakini neno lenye damu ni nafsi, nalo lina tabia ambayo hapana mtunga nadharia angeweza kuipanga: halibadiliki likiwa moja wala likiwa mengi. Nafsi yangu, nafsi zangu. Sarufi imekwisha kukubali jambo ambalo saikolojia ya Ulaya ilibishana nalo kwa zaidi ya karne moja. Wasimamizi nao wanapendeza zaidi wakiitwa mabawabu, kwa maana bawabu hafanyi uovu kwa kukuzuia mlangoni; ameajiriwa, naye anaogopa litakalotokea akilala.

Zawadi kubwa, hata hivyo, imo katika wale wazimamoto. Mmarekani alipolitumia neno hilo alikusudia picha ya watu mashujaa ambao huvunja milango na kuloanisha fanicha bila kujali hasara, almuradi moto uzimike. Afrika Mashariki neno hilo lina historia nyingine. Zama za ukoloni, Nairobi, Kampala na miji ya Tanganyika, watu walisadiki kwamba wazimamoto huteka watu usiku na kuwanyonya damu. Ni ndugu wa mumiani wa pwani. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Basi mzimamoto, katika masikio ya bibi mzee wa huku, ni mwokozi na mnyonya damu kwa wakati mmoja, na hapana tafsiri iliyo sahihi zaidi ya hiyo kwa ile nafsi impelekayo kijana kilabuni. Humwokoa usiku wa leo kwa damu yake ya kesho. Ila mjini Morogoro neno hilo yafaa litamkwe taratibu. Wapo pale watu ambao mzimamoto kwao ni kijana mwenye sare aliyefika Msamvu na kukuta hakuna tena wa kumwokoa.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kusema: haya si mageni, haya ni mambo ya pepo. Ni kweli kwa kiasi chake. Katika ngoma za kupunga, mgonjwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amekaa juu yake, na mganga haanzi kwa kumfukuza. Humuuliza: u nani, watoka wapi, wasema lugha gani, wataka nini? Pepo wa kibuki atajibu kwamba katoka Bukini na ataka brandi. Mwingine ataka ubani, kitambaa au mbuzi. Mara nyingi hakuna kutoka; kuna mapatano, na kiti na pepo wake huishi pamoja miaka mingi. Adabu ile ya kuuliza kabla ya kuhukumu ndiyo adabu aliyoifikia Schwartz kwa njia ndefu. Lakini tofauti nayo ni kubwa, wala haifai kufunikwa kwa ajili ya kujipongeza. Pepo hutoka nje. Alifanyalo kiti si lake, wala halaumiwi. Katika tiba ya Mmarekani kila asemaye ndani ni wako, amezaliwa na maisha yako, na siku ya mwisho unamkumbatia au unabaki umemfungia. Kwa mtu aliyelemewa na lawama, pepo ni pumziko. Kwa mtu anayetaka kukijua chanzo cha lawama ile, pepo ni njia inayopita kando ya nyumba.

Ushairi nao una sehemu yake. Mtungaji wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliugeukia moyo wake mwenyewe na kusema nao mbele ya magofu ya Pate, na tangu hapo, au hata kabla, washairi wa Kiswahili hawakuacha kuzungumza na moyo. Bali hebu yatazamwe mazungumzo yenyewe: ni ya upande mmoja. Moyo huonywa, huaswa, huambiwa uamke, huambiwa uogope. Moyo huambiwa sana, husikilizwa kidogo. Na elimu ya dini imefunza kwamba kuna nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia. Mwanachuoni hatakubali upesi dai la Schwartz, aliloliweka hadi katika jina la kitabu chake cha mwaka 2021, kwamba ndani ya mtu hakuna nafsi iliyo mbaya. Ubishi huo una haki ya kuwapo. Pengine zipo nyakati za kuonya moyo na nyakati za kuuuliza, na kosa ni kumwonya mtu ambaye tayari hajalala kwa kujionya.

Jambo lililo karibu zaidi na tiba hii, kuliko pepo na kuliko shairi, limo palepale Morogoro, nalo ni utani. Waluguru wanajulikana kwa utani wao. Mwanaanthropolojia Mmarekani James Christensen aliuandikia makala mwaka 1963. Koo zina watani wao, na makabila yana watani wao. Msibani, mtani huingia na kufanya kazi zile nzito za maziko, na hukohuko huanza matusi. Humcheka maiti. Huigiza alivyotembea, hutaja ulevi wake na ubahili wake, hudai chochote mpaka apewe kitu kidogo. Wafiwa hulia huku wakicheka. Mgeni asiyejua huona ukatili, ilhali kinachotendeka ni kwamba neno la aibu, ambalo kila mtu analo moyoni na hapana athubutuye kulisema, limepewa mtu wa kulibeba, limepewa saa yake na mipaka yake. Likisemwa na mtani halichomi. Likinyamaziwa, kila mmoja huenda nalo kwake.

Sasa na iulizwe: mtani angesimama wapi Kola, siku ambayo dola nzima imekuja kuzika, majeneza yamepangwa safu, na baadhi ya maiti bado hazina majina? Angeigiza mwendo wa nani? Na neno ambalo yeye angelisema kwa kicheko, kwamba marehemu huyu alipenda vya bure tangu utotoni, lilikuwa limekwisha kusemwa na watu wasio watani wake, bila kicheko, bila mipaka, bila kushika jembe. Neno lilelile katika kinywa kisicho na haki. Hapo ndipo yule wa kwanza ndani ya kijana alipojifunza kusema.

Waluguru pia huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana uzito mkubwa katika mambo ya ukoo. Kwa hiyo yule mwenyewe wa Schwartz, mtulivu na mwenye huruma, ambaye Wamarekani humweleza kwa maneno ya juu mno hata akafanana na malaika, mlimani Uluguru angeweza kuelezwa kwa urahisi: ni mjomba katika kikao. Si mfalme. Hapigi kelele. Amewaita wote, hata mtoto wa kiume aliyeharibika, na hatasema neno lake mpaka wa mwisho awe amesema lake.

Isidhaniwe kwamba tiba hii ni dawa iliyothibitishwa. Utafiti juu yake bado ni mchache. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa wagonjwa 79 wa baridi yabisi, ambapo waliofunzwa njia hii walipata nafuu fulani ya maumivu na ya huzuni. Na jaribio dogo kwa watu wazima 17 walioumizwa utotoni nalo lilitia matumaini, lakini watu 17 si wengi, wala hawakulinganishwa na kundi lingine. Wapo wakosoaji waonyao kwamba mgonjwa dhaifu, akiulizwa sana na mtu mwenye shauku, aweza kuzua nafsi na kumbukumbu ambazo hazikuwako, na onyo hilo ni la kweli. Kuna na jambo la kawaida zaidi: wataalamu wa afya ya akili Tanzania ni wachache sana kwa idadi ya watu, na kijana wa bodaboda akikosa siku moja kazini hukosa hesabu ya mwenye pikipiki. Tiba iliyotungwa kwa watu walipao kwa saa haipandi kirahisi kwenye barabara ya Msamvu.

Hata hivyo, na adhaniwe kwamba amepatikana mama mmoja, mshauri aliyesomea kazi yake, na kwamba kijana amekaa mbele yake chini ya mwembe, na shikamoo imekwisha kupokelewa.

Mama hamuulizi habari za moto. Humuuliza habari za yule asemaye jikaze. Yuko wapi mwilini, mwanangu? Kijana hufikiri, kisha huweka mkono kifuani. Yuko hapa, mama. Muulize anaogopa nini akiondoka hapo. Kimya kirefu hupita, bajaji hupita. Anaogopa nitaanguka, watoto watakosa kula. Mwambie ahsante kwa kazi aliyoifanya miaka yote hiyo. Kijana hucheka kwa haya, kwa sababu hajawahi kumshukuru mtu ambaye ni yeye mwenyewe. Kisha hujaribu, na kifua hulegea kidogo.

Siku nyingine zitapita kabla bawabu hajatoka mlangoni. Yule wa kilabuni naye atataka kusikilizwa, tena atakuja amelewa. Atakapofikiwa yule aliyesimama barabarani na dumu tupu, mama hatamwambia kijana amwondolee makosa wala amhukumu. Atamwambia amuulize alikuwa anataka nini asubuhi ile. Na yule, ambaye hakuulizwa neno tangu mwaka 2019, atajibu kwamba alikuwa nyuma ya hesabu siku mbili. Kwamba Idi ilikuwa inakaribia, na watoto wa rafiki yake hawakuwa na nguo. Ndiyo maana alimpigia simu.

Hapo yule wa kwanza ataingilia kwa hasira, atasema hizo ni hadithi za kujitetea. Mama atainua mkono polepole, kama afanyavyo mkubwa kikaoni mtu anapomkatiza mwenzake.

Naye mpishe akae, mwanangu. Zamu yake inakuja.